Disketi Aliyoivunja Shemeji

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta Kisumu, na hasira zangu zilijulikana mtaa mzima. Siku moja dada yangu, aliyeolewa na mkubwa mmoja huko Milimani, aliingia dukani jicho limefura, mdomo umepasuka. Akaniwekea disketi mezani. Alikuwa amewasha maikrofoni ya kompyuta ya mumewe na kurekodi kipigo chake mwenyewe kwenye disketi hiyo. Shemeji aliigundua, akaikanyaga kwa kisigino cha kiatu.

Baba, kule kijijini Kombewa, alishaamua kwamba dada anamsingizia mumewe, na Jumapili angemrudisha mwenyewe. Mungu wangu! Amrudishe akauawe?

Nilipasua ganda, nikatoa ule utando mweusi wa duara, nikautia kwenye ganda la disketi nzima. Kompyuta ikakoroma, ikasoma hapa, ikaruka pale. Sauti ilikuwa imebanwa ili itoshe disketi moja, na mwanzo wake ulikuwa umeharibika, basi programu ikakataa katakata kuicheza. Lakini sauti ya aina hiyo huhifadhiwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na alama yake. Nikatafuta alama ya kwanza iliyopona, nikatupa yote yaliyoitangulia. Nikajaribu tena.

Kofi. Kishindo. Dada akilia, "Nisamehe, Baba Otis—" sauti ikakatikia hapo, kwenye jina la mtoto wao. Nilimtukana shemeji matusi nisiyoweza kuyaandika. Sikuvumilia kusikiliza hadi mwisho. Niliiacha ijinakili kwenye kaseti, nikatoka nje.

Jumapili, tulipotoka kanisani, niliitia kaseti kwenye redio ya Baba. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliposikia kilio cha bintiye alikuja mbio, mwiko mkononi. Kwenye kaseti, mshipi ulichapa. Sauti ikakatika, ikarudi, na shemeji akasema waziwazi huku anahema:

"Enda umwambie! Baba yako mwenyewe ndiye alisema nikuchape mpaka ushike adabu."

Baba akaruka kuizima.

"Wacha hiyo kitu, Mzee," Mama akasema. "Ni kweli?"

Baba akatazama chini. Dada alikuwa amekaa kando ya begi lake lililofungwa tayari.

"Mtoto wangu harudi huko," Mama akasema.

Kwetu, mke akimpiga mumewe kwa mwiko, hiyo ni laana ya kuitia wazee na kuchinja mbuzi ili iondoke. Mama aliyajua hayo kuliko sisi sote. Alimpiga Baba usoni, mara mbili.