Mgeni Aliyesimama Kati ya Jua na Paneli

Mnaosema nimetunga, njooni kijijini kwetu, mbele kidogo ya Majimoto, mumuulize mwenye mashine ya kusaga kwa nini kuna wakati aliacha kunisalimia. Hilo halitungwi. Na mimi si mtu wa kuona majini. Mimi ni fundi wa sola. Kazi yangu ni kuosha paneli, kuangalia betri, na kila siku jioni kukadiria kesho kijiji kitapata umeme kiasi gani. Simu ikisema kesho jua kali, naziachia mashine zisage mpaka giza, maana betri zitajaa tena. Ikisema mawingu, nazima mapema ili zahanati isilale gizani. Ndiyo kazi yote, na naipenda.

Siku hiyo simu ilisema jua, tena la kuchoma. Vumbi la ng'ombe kila mahali, mvua hata harufu yake haikuwepo. Wifi yangu Nyamizi, dada wa mume wangu, tulikuwa tumempeleka zahanati asubuhi. Nesi akasema ni uchungu wa kuanza tu, atajifungua kesho au keshokutwa. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa tochi ya simu, na damu ilimtoka hadi tukaanza kumlilia. Sikutaka kuona hilo tena. Lakini jua si lilikuwepo? Nikajipa moyo.

Saa kumi nilikuwa kwenye kibanda cha betri, natazama skrini, mara nikamwona mzee amesimama uani. Blanketi begani, fimbo mkononi, kama wafugaji wetu wa Kisukuma, ila ng'ombe sikuona hata mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba maji. Kwetu mgeni haulizwi atokako kabla hajanywa, kwa hiyo nikampa kikombe nikarudi ndani. Yeye akaenda kunywea kwenye paneli ya mwisho, upande wa jua, akaiegemea kabisa.

Nikakasirika. Unajua paneli zilivyo? Kivuli cha mtu kikiangukia moja tu, safu nzima inalegea na namba kwenye skrini inashuka. Hata kuku akirukia juu najua. Nikageukia skrini nione ameniharibia kiasi gani. Namba haikutikisika.

Niamini, niliigonga ile skrini nikidhani imeganda. Kisha nikachungulia nje. Kioo nyuma yake kiling'aa chote. Kikombe changu kilikuwa na kivuli, kiduchu, kimekaa peke yake pale kwenye kioo. Mzee hakuwa nacho.

Akaja, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, kesho jua halitoki. Wala keshokutwa. Umeme ulio nao mtunzie mzazi."

Mzazi? Nani alimwambia habari za mzazi? Niligeuka kuweka kikombe mezani, nikageuka tena, uani nilikuwa peke yangu. Geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilizima mashine zote. Baa ikanyamaza, kinyozi akabaki na kichwa cha mtu nusu. Mwenye mashine ya kusaga akaja juu, akanionyesha simu yake: kesho jua, keshokutwa jua. "Dada, kwani wewe unajua kuliko simu?" Nimjibu nini? Kwamba nimeambiwa na mtu asiye na kivuli? Nikadanganya kwamba nafanya matengenezo ya betri, nikashika spana ili uongo upendeze.

Kulipokucha mbingu ilikuwa imefunga. Mvua ya kwanza ilikuja kabla ya msimu wake, ikakaa siku mbili, paneli zikawa hazitoi hata cha kuchajia simu. Nyamizi alijifungua jioni ya pili, taa ya chumba cha uzazi inawaka. Damu ilianza kumtoka tena, lakini safari hii nesi aliiona mapema akaizuia. Mtoto wa kiume, mwenye sauti ya mnada. Nililia kwa furaha, wala sioni aibu kusema.

Siku hizi mwenye mashine ananisalimia, hata kwenye foleni ananipisha. Paneli aliyoegemea mzee haishiki vumbi. Nikienda kuosha naikuta safi, na nimeshazoea. Kikombe cha maji huwa nakiacha pale saa kumi. Kilichoninyima raha ni yule mtoto. Kwa nini mzee ahangaike naye hivyo? Basi alipoanza kusimama, nilimchukua kimya kimya bila kumwambia mama yake, nikamsimamisha pale pale, nikakimbilia skrini. Namba ikashuka; kivuli anacho. Sijawahi kufurahia kupoteza umeme kama siku hiyo.

Nawe unayelinda sola huko porini, mgeni akija saa kumi akaomba maji, mpe kwanza. Kisha tazama skrini yako. Namba isiposhuka, usimuulize kwao ni wapi. Zima mashine, utunze betri.