Rambirambi Zilizozuiwa

Mume wa shangazi yangu, fundi wa mitumbwi pale Katonga, alipofariki, niliweka tangazo la msiba kwenye tovuti yetu ya watu wa Ujiji. Tovuti hiyo naiendesha mimi. Hainilipi kitu, ila imenipa cheo: mjini wananiita "mwenye mtandao", nami siwakatazi.

Chini ya kila tangazo kuna nafasi ya rambirambi. Wanaoitegemea ni ndugu walioko mbali, Dar es Salaam, Bujumbura, Muscat, wasioweza kuwahi mazishi. Kabla ya msiba ule nafasi hiyo ilikuwa imevamiwa. Chini ya tangazo la kifo cha mama mmoja mcha Mungu, mtu alinadi dawa ya nguvu za kiume. Familia ilinijia juu, na haki ilikuwa yao. Nikatengeneza kichujio: ujumbe wowote unaofanana na mwingine uliokwisha kuandikwa uwekwe kando. Matapeli hurudia maneno, nilijiambia; mwenye majonzi ya kweli huandika ya moyoni mwake. Nimesomea fasihi chuo kikuu, ndiyo maana naweza kuamini jambo kama hilo. Na ili matapeli wasigundue mtego, hata aliyezuiwa aliambiwa: "Asante, ujumbe wako umepokelewa."

Wiki chache baada ya mazishi nilikwenda Buzebazeba kumjulia hali shangazi. Nilimkuta anapepeta mchele wa arobaini pamoja na binti yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwenye mtandao. Nimeshawaambia, arobaini tupike sufuria moja tu."

"Moja? Kwa watu wote wale?"

"Watu gani? Huyu kanisomea huko kwako. Walioandika ni watatu, na mmoja wao anakopesha."

"Bila dhamana, mama," alidakia binti yake.

Walicheka. Shangazi ndiye aliyeacha kwanza. "Nyumba hii haikukosa mgeni hata siku moja," alisema. "Labda marehemu aliwakosea watu, akanificha."

Nilitoa simu, nikafungua mahali ujumbe uliozuiwa unapokaa. Pamejaa. Poleni sana, kazi ya Mungu haina makosa. Poleni sana, kazi ya Mungu haina makosa. Wavuvi wa Burundi aliowaundia mitumbwi, majirani waliohamia Dar, mpwa wake wa Muscat, wote kwa sentensi moja. Jeneza nalo kila mtu hulibeba kwa namna ileile, na sijasikia mfiwa akilalamika kuwa ni marudio. Yule mkopeshaji alipita kwa sababu alikuwa mbunifu.

"Watu wameandika, shangazi. Mtandao tu ulisumbua."

"Mtandao upi? Si ndiyo huo wa kwako?"

"Ni mimi. Niliwazuia."

"Kwa kosa gani?"

"Walisema maneno yaleyale."

Aliuweka ungo chini. "Ulitaka waseme nini?"

Nilimnyooshea simu.

"Soma," alisema.

Nikasoma. Kila jina alilijibu: huyu walisoma naye madrasa, huyu mtumbwi wake ulipinduka ukaundwa upya bure. Nilipochoka nikajaribu kufupisha: "Na huyu naye kasema hivyohivyo."

"Hivyohivyo ndiyo nini? Msome mwenzio."

Nikamsoma, na waliofuata wote, neno kwa neno.

Nilipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia binti yake aongeze mchele. "Sufuria kubwa iko kwa jirani, kule barabarani," aliniambia. "Kailete wewe. Kichujio hakitakusaidia kubeba."

Jioni hiyohiyo nilikiondoa. Siku hizi matangazo ya matapeli nayafuta kwa mkono kila asubuhi, na mengine wafiwa huyaona kabla yangu. Lakini kabla ya hapo niliibeba sufuria, nimeifunika kichwani kama kofia, nikipita katikati ya barabara ya Buzebazeba. Mwenye duka mmoja aliniita.

"Mwenye mtandao! Ile pole yangu kwa shangazi yako ilifika?"

"Imefika," nilijibu, nikashukuru kwamba sufuria ilinifunika hadi puani.