Asidi Inayopiga Kura

Nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja. Mara ya kwanza nilipotetea tasnifu yangu ya uzamifu, mbele ya maprofesa ambao baadhi yao ni wadogo kwangu kwa umri, niliwaonyesha milinganyo mpaka projekta ikapata joto. Kisha mwenyekiti wa jopo akauliza swali dogo: kwa nini asidi yako inaacha nyufa nyembamba na kukimbilia ule mpana? Nikajibu kwa milinganyo mingine. Wakaniambia nirudi mara moja tu, na nikishindwa kueleza tena, shahada nisahau.

Modeli yangu ya kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Inahusu visima vya mafuta na gesi vilivyochimbwa kwenye miamba ya chokaa yenye nyufa. Mafuta yakigoma kutoka, asidi husukumwa chini ipate kula mawe na kufungua njia. Kompyuta yangu hukadiria njia hizo zitapita wapi. Kwa mtu anayeishi Kiganjo, ambako kisima cha mafuta kilicho karibu ni karai la chipsi, ni kazi ya ajabu kuichagua, tena ukiwa na mvi.

Mama yangu, anayeishi Gitothua, hapo Ruiru, alitaka kujua nimeshindwa na nini. Nikamwambia asidi inakula mawe huko chini, ila siwezi kuwaeleza watu inavyokula.

"Ai, wewe," akasema. "Basi tutaomba."

Sasa, mama, kama wengi wetu tuliolelewa kwa Kikuyu, ana l na r zinazobadilishana viti bila kutoa taarifa. Kwenye ushirika wa akina mama kanisani alisimama akaomba kijana wake akumbukwe, kwa maana anahangaika na mambo ya "kura" huko chini. Na siku hizi kila mwenye suti safi Ruiru anasemekana anatafuta kiti. Hakuna aliyefikiria mawe.

Jumapili nilipoenda kumsalimia, niliwakuta wenzake wa ushirika sebuleni, chai mkononi.

"Karibu, mheshimiwa," akasema mkubwa wao.

"Mheshimiwa gani, mami?"

"Usijifiche. Ni bunge ama ni MCA, ule wa kaunti?"

"Na hiyo koti?" mwenzake akadakia. "Hiyo ni ya MCA tu."

Nikamgeukia mama. "Uliwaambia nini?"

"Nimewaambia ukweri. Asidi inakura."

"Haiya!" akashangaa yule wa koti. "Siku hizi asidi pia inapiga kura?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye vitambaa vya makochi. Mkubwa wao akajifuta machozi, akauliza, "Na inapigia nani?"

"Yule anayeongoza," nikajibu bila kufikiri, halafu nikabaki nimeshika kikombe hewani.

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Kila tone la asidi hufuata ufa ulio rahisi kupita. Ufa huo unaliwa, unapanuka, na tone linalofuata linaona heri lipite hapo hapo. Anayeongoza anazidi kuongoza. Nyufa nyembamba hazipati hata kura ya jirani. Ndiyo maana wahandisi huuziba ule mpana kwa muda, ili asidi izigeukie zile nyembamba, mbinu ambayo kwenye uchaguzi ingetupeleka kortini. Haya yote niliyajua kwa hesabu. Sikuwa nimewahi kuyasema kwa mdomo.

Siku ya kurudi mbele ya jopo, mwenyekiti aliuliza swali lile lile. Nikaiacha milinganyo ipumzike, nikampa uchaguzi mzima, kuanzia mgombea mpana hadi wale wembamba. Alicheka. Kisha akauliza kile kizibo cha ufa mpana huondoka vipi kazi ikiisha, na hilo lilikuwa swali la mtu aliyeelewa. Nilipoitwa ndani tena, walikuwa wamesimama kunipa mkono.

Nilitoka hapo nikaenda Gitothua moja kwa moja. Jumapili mama akanisimamisha kanisani kutoa shukrani, akatangaza kwamba kijana wake ameshinda. Makofi yalipigwa, vigelegele pia. Nilishukuru kwa moyo wote, kwa maombi na zaidi kwa kicheko cha ile siku ya chai, na sikusahihisha chochote.

Nje, mkubwa wa ushirika alinishika mkono kwa nguvu, akaniangalia usoni.

"Tulikuombea kura, na umeshinda. Sasa, mheshimiwa, na hii barabara yetu?"

Nikamwambia inashughulikiwa.