Harusi Ambayo Maksai Hakuchinjwa

Naikumbuka vyema, mwanangu, asubuhi ile uani kwetu Kizwite, siku chache kabla ya harusi ya dada yangu Anastazia. Baba mdogo Paulo alikuwa ananoa kisu. Maksai wetu, Kahawa, alikuwa anacheua hana habari. Mvua za kwanza zilikwisha kunukia, na pasipo Kahawa, maksai mwenzake asingeweza kuvuta plau peke yake. Shamba la mama lingebaki pori.

Nilikuwa nimehitimu chuo cha kilimo. Nikapendekeza tupike nyama ya soya.

"Harusi bila ng'ombe?" Baba mdogo akacheka. "Huo ni mkutano wa kijiji. Watu watadai ajenda!"

Nikamweleza jinsi misitu inavyofyekwa kutafuta malisho, vijito vikakauka. Na jinsi shamba dogo la soya linavyoshibisha wengi kuliko malisho ya ukubwa uleule. Jirani yetu Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa ametuletea maziwa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mjukuu, umesema vizuri," akasema taratibu. "Sasa mkihamia soya wote, sisi watu wa ng'ombe tutakula nini?"

Bibi, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, ndiye aliyejibu, akianza na mwanawe.

"Paulo, unaogopa midomo ya wageni wa siku moja kuliko njaa ya mwaka mzima? Weka kisu." Kisha akamgeukia jirani. "Nawe baba, usitutoroke. Maziwa yako tunayataka, samadi tunaitaka. Sisi Wafipa hufukia majani kwenye ntumba, matuta yetu ya duara, tukapanda maharage juu yake ili udongo nao ule. Soya ni ndugu wa maharage. Akiongezewa samadi yako, nani atamshinda?"

Akaninyooshea kidole. "Lakini wageni waambiwe kabla ya kunawa. Mgeni hadanganywi kwa sahani."

Siku ya harusi niliroweka nyama kavu ya soya katika maji ya moto, nikaikamua, nikaikaanga kwa vitunguu na nyanya hadi harufu ikafika barabarani. Bibi akasimama, akatangaza kilichomo chunguni. Macho yote yakamwendea Mzee Masanja, maana kwa habari ya nyama mtaa mzima ulimsikiliza yeye. Alitafuna bila haraka.

"Huyu hajawahi kuchungwa," akasema, "lakini mchuzi wake unaweza kutolewa mahari. Niongezeeni!"

Vigelegele vikapasua anga! Baba mdogo alirudi chunguni mara kwa mara, akidai anamchotea mgonjwa. "Mgonjwa gani?" mama akamuuliza. "Bado hajaugua," akajibu, nasi tukacheka hadi machozi.

Msimu ule Kahawa alilima shamba la mama na la jirani, na soya ikastawi juu ya samadi ya Mzee Masanja. Mbegu tuligawana.

Basi, mwanangu, pokea neno hili. Ukijaliwa jambo jema jipya, usilitumie kama fimbo ya kuwapigia majirani. Watafutie nafasi ndani yake. Heshima ya karamu si damu iliyomwagika, ni ukweli wa mwenyeji na shibe ya mgeni. Kula leo ukikumbuka ardhi itakayomlisha mjukuu wako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu abariki mikono yako, ajaze vijito vyetu maji, na nyumba yako isikose kicheko wala mtu wa kula naye.