Salamu za Yuditha kwa Mama

Akili yangu inakataa, jamani. Yuditha wetu wa saluni ya Makambako hatunaye. Moyo umesimama Jumanne asubuhi akifungua mlango wa kazini.

Tulianza miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, vipodozi vya nje vikajaa sokoni. Yeye boss, mimi wa stock. Hakugombeza mtu. Ukichelewa anakutazama tu, unajirekebisha mwenyewe.

Alikuwa na mashavu ya kujaa. Wateja walimtania, naye anacheka.

Miaka ya karibuni ugonjwa wa tezi ya shingo ukamshika. Alipona, lakini mwili ulikwisha, na ngozi ya mashavu na kidevu ikaning'inia.

Hilo angelivumilia. Kilichomuumiza ni mama yake, ambaye uzee umemwondolea kumbukumbu. Yuditha alifika nyumbani Matembwe, mama akampokea kama mgeni, akamuuliza katokea kwa nani.

Akajipa leave, ya kwanza tangu nimjue, akatafute ule uso ambao labda mama angeukumbuka. Tukashuka Dar. Daktari alimchoma ganzi, akapitisha chini ya ngozi ya taya kitu chembamba kama uzi, chenye mwanga wa leza, ili joto lake liikaze ngozi kutoka ndani. Hakupasuliwa. Jioni tulikuwa kwa dada yangu, yeye kavimba, bandeji kidevuni.

Huku nyumbani walisema sana, hadi kanisani, kwamba ameanza usichana uzeeni. Aliniomba nisiwajibu.

Miezi ikapita, ngozi ikajivuta. Siyo yote, ila ukimwona unasema ndiye. Tukapanda Matembwe.

Mama alimshika taya kwa viganja viwili, akamtazama weee.

"Unafanana na mwanangu Yuditha," akasema. "Ukimwona, mwambie aje."

"Nitamwambia, mama."

Wakati wa kurudi Yuditha alilia mpaka tunaingia Njombe mjini. Nilidhani hatarudi tena kule.

Alirudi kila Jumapili. Anakaa jikoni na mama yake, anamsimulia habari za Yuditha: mzima, kazi zimembana, anakusalimu sana. Mama anafurahi, anampa mahindi ampelekee.

Jana tumemzika hapo hapo Matembwe. Mama alikaa kwa utulivu, akauliza aliyefariki ni nani.

Watu walipopungua akanivuta mkono. Akauliza yule dada anayeleta salamu za Yuditha mbona leo hakuja.

Nikasema yuko kazini.

Lala kwa amani, boss wangu. Jumapili salamu zako nitazipeleka mimi.