Glavu za Bibi Harusi

Nani aliyekudanganya kwamba kucha za bibi harusi lazima ziwe safi? Za fundi baiskeli huyu zimejaa grisi, wala haoni haya. Kila nati akishaikaza huipapasa kwa kidole gumba mara mbili, kisha hupiga mluzi mfupi, kama anayeiruhusu iende zake. Hata siku ya mwisho kabla ya harusi yake alikuwa kazini. Ndoa ingefungwa hapohapo karakanani, wageni waje kwa baiskeli, kwa sababu hapo ndipo mchumba wake alipoleta gurudumu lililopinda, na kesho yake akarudi na lililo zima, apate tu kumwona tena.

Shangazi aliyemlea akaingia na glavu nyeupe.

"Harusi ya karakana! Watu watakaa wapi, juu ya matairi?"

"Ndiyo, Shangazi. Tutayaosha."

"Basi vaa hizi, ufiche hizo kucha. La sivyo, mimi hapa sikanyagi."

Mluzi ulimkauka mdomoni. Hakuna mgeni aliyemtaka kuliko huyu. Akaipapasa nati, mara mbili.

"Pete nivishwe mimi au ivishwe glavu? Mikono iliyoposwa ni hii. Sivai."

Shangazi akazikwapua glavu zake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake bwana harusi alifika mapema kupanga viti. Alimkuta shangazi uani, gauni la sherehe amelikunja hadi magotini, anasugua matairi. Glavu zile nyeupe alizivaa yeye, sasa nyeusi tii.

"Unanitolea macho ya nini, mkwe? Lete maji!"