Pointi za Shemeji

Tangu afungiwe leseni, Mama Pacha alisugua trei za mikate kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Katika kila trei aliona uso wa shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mumewe, ndiye mwenye bekari. Mama Pacha alikuwa dereva wake, na gari la mikate alilibembeleza kama mtoto wa mgongoni. Ila jioni shemeji alilichukua kwa mizunguko yake, akalikimbiza kama anayefukuzwa na nyuki. Kamera ya barabarani ikimnasa, polisi wakiuliza nani alikuwa kwenye usukani, jibu lilikuwa moja: dereva wangu.

"Kubali tu, shemeji," alimbembeleza. "Sisi ndugu. Faini nalipa mimi, wewe unabeba tu pointi za makosa kwenye leseni."

Akabeba, akabeba tena, mpaka zikajaa na leseni ikazuiwa mwaka mzima. Kesho yake shemeji akamtupia brashi ya kusugulia trei.

"Dereva bila leseni ni wa nini? Shukuru hata hii umepata."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi shemeji akawa anaendesha mwenyewe, na kamera ikamnasa tena. Mazoea yana taabu. Polisi walipouliza, ulimi ukamtaja yule yule, mtu ambaye leseni yake ilikuwa kabatini kwa askari hao hao!

Wakaitwa wote wawili. Walikwenda na gari la mikate, oda ya hoteli ikiwa nyuma bado ya moto, shemeji akiendesha polepole kama bwana harusi.

"Shemeji, niokoe. Sema ulilichukua gari mimi sijui."

"Niseme niliiba?"

"Kwa maneno tu, jamani!"

"Na wakinifunga?"

"Nani atamfunga mama wa mapacha?"

"Nimekusikia," akasema Mama Pacha. Shemeji akashusha pumzi, akadhani amekubaliwa.

Kituoni askari aliuliza, "Mama, ni wewe uliyekuwa ukiendesha?"

Hakuharakisha. Alikaza kilemba chake, akaukunjua mkunjo wa sketi, akamtazama shemeji jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Utamu wa kumwona hivyo ulipita ule wa asali.

"Si mimi, afande. Na ile ya kabla ya hii si mimi. Na zile za nyuma zote, si mimi."

"Shemeji!"

"Unajua unakiri kwamba ulitudanganya?" askari akamuuliza.

"Najua. Yangu nitayajibu. Na yeye ayajibu yake."

Pointi zote zikarudi kwa mwenyewe, zikamjaa kwa mkupuo mmoja. Leseni yake ikabaki mezani kwa askari, na gari likabaki uani mpaka aje mtu mwenye leseni.

Nje, shemeji alifungua mlango wa nyuma, akaitazama mikate.

"Umeniua, wewe mwanamke. Hoteli inaisubiri hii!"

"Hoteli si mbali. Ni mlima huu tu."

Shemeji alisubiri asaidiwe. Mama Pacha akafunga mikono kifuani. Mwishowe tajiri mwenye bekari akajitwisha trei kichwani, shingo imekakamaa, akaanza kupanda katikati ya watu wanaomjua.

Mama Pacha akamfuata nyuma, mikono mitupu.

"Taratibu, shemeji," akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. "Ukiangusha, tutarudi kuchukua nyingine."